Kukusanya na Kuhakiki Midoli ya Mashujaa wa Gemu: Mwongozo kwa Anayeanza, Mwanza na Kando ya Ziwa

Maswali ya wanaoanza kukusanya midoli ya mashujaa wa gemu ni yale yale kila mara: niagize wapi, nitajuaje kwamba si feki, kwa nini goti halikunji, na nikitaka kuwaandikia wengine uhakiki nianzie wapi. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuchagua mdoli wa kwanza hadi kuuhifadhi. Umeandikwa kwa ajili ya mkusanyaji wa Mwanza na miji mingine ya kando ya ziwa, ambaye kwa kawaida hana duka la kuingia, akaushika mdoli, akaugeuza na kuurudisha rafuni kabla ya kutoa fedha. Hali hiyo ndiyo inayoupa uhakiki uzito wake huku kwetu. Kijana wa Igoma, wa Sengerema au wa Bukoba atakayekusoma atanunua kitu ambacho hajakigusa, na wewe ndiye mkono na jicho lake.

Ninaposema midoli ya mashujaa wa gemu, nina maana ya sanamu za plastiki zenye viungo vinavyokunja na kuzunguka, zinazowaonyesha mashujaa kama Spider-Man na Batman jinsi wanavyoonekana ndani ya gemu, si katika filamu wala katika vitabu vya katuni. Ukiishika vizuri tofauti hiyo, hatua nyingi zilizo hapa chini zitakuwa nyepesi.

Andaa vitu hivi kwanza

- Gemu yenyewe, au nafasi ya kuicheza mara kwa mara. Kibanda cha gemu cha mtaani kinafaa, mradi mwenye kibanda akuruhusu kusimamisha mchezo na kupiga picha ya kioo.
- Rula ya chuma ya sentimita 30 yenye alama za milimita.
- Mizani ndogo ya jikoni inayopima kwa gramu.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto, bakuli mbili na taulo dogo.
- Brashi mbili laini, kitambaa cha kufutia miwani na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.
- Wembe mpya au kisu cha kukatia karatasi, pamoja na mkasi mdogo.
- Chupa ndogo ya mafuta ya silikoni. Usiweke mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka wala mafuta ya cherehani mahali pake, kwa sababu yale yatokanayo na petroli huweza kudhoofisha baadhi ya plastiki, na yote hunasa vumbi.
- Simu yenye kamera ya kuridhisha, na karatasi za manila, moja nyeupe na moja ya kijivu.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya.
- Daftari gumu la kumbukumbu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua gemu moja kabla ya kuchagua mdoli. Anayeanza hushawishika kununua chochote chenye alama ya shujaa anayempenda, na baada ya muda hujikuta na Spider-Man wa filamu, wa katuni na wa gemu wamechanganyika kwenye rafu moja, asijue amlinganishe yupi na nini. Chagua gemu ambayo umeshaicheza mpaka mwisho, na ununuzi wako wa mwanzo wote uhusu gemu hiyo.

Zipo njia chache zilizonyooka. Marvel's Spider-Man ya Insomniac Games ilitoka mwaka 2018, ikafuatwa na Miles Morales mwaka 2020 na Spider-Man 2 mwaka 2023. Kampuni ya Hasbro imetoa midoli ya gemu hizo ndani ya mfululizo wake wa Marvel Legends, kwa jina la Gamerverse. Gemu za Batman za Rocksteady, yaani Arkham Asylum ya 2009, Arkham City ya 2011 na Arkham Knight ya 2015, zina midoli ya zamani ya DC Collectibles na mingine mipya ya McFarlane Toys, iliyoanza kutoa midoli ya DC mwaka 2020. Injustice ya 2013 na Injustice 2 ya 2017, zote za NetherRealm Studios na zenye mashujaa wa DC kama Batman, midoli yake imetolewa kwa umbo dogo na Hiya Toys.

Tahadhari moja inahusu Marvel's Avengers ya mwaka 2020. Midoli yake bado inazunguka kwa wauzaji wa mkono wa pili, lakini gemu yenyewe iliondolewa kwenye maduka ya kidijitali tarehe 30 Septemba 2023. Ukitaka kuihakiki midoli hiyo kwa haki, hakikisha kwanza umepata diski ya gemu, la sivyo utakuwa unalinganisha na picha za boksi.

2. Chagua kipimo kimoja na ukifuate. Midoli hutengenezwa kwa uwiano. Chukua shujaa mwenye urefu wa sentimita 180: kwa uwiano wa 1 kwa 18 atakuwa na sentimita 10, kwa 1 kwa 12 atakuwa na sentimita 15, kwa 1 kwa 10 atakuwa na sentimita 18, na kwa 1 kwa 6 atakuwa na sentimita 30. Hiya Toys wako katika kundi la kwanza, Marvel Legends katika la pili, McFarlane karibu na la tatu, na Hot Toys wa Hong Kong katika la nne. Kosa linalojirudia ni kununua Spider-Man wa Hasbro na Batman wa McFarlane kwa nia ya kuwasimamisha pamoja, kisha kushangaa Batman anapoonekana jitu. Kwa maoni yangu, kipimo cha 1 kwa 12 ndicho kinachomfaa anayeanza, kwa kuwa kina mashujaa wengi wa gemu, hakihitaji nafasi kubwa, na bei yake ya dukani Marekani huwa kati ya dola 20 na 30, wakati ile ya 1 kwa 6 huvuka dola 200 kabla hujalipia usafiri.

3. Nunua kwa macho mawili. Kwa mkazi wa Mwanza njia ni tatu, na kila moja ina hatari yake.

Njia ya kwanza ni maduka na meza za vitu vya watoto, kuanzia Makoroboi hadi pembezoni mwa Soko Kuu. Midoli mingi inayouzwa huko imetengenezwa kwa ajili ya watoto kuchezea na haina leseni ya wenye mashujaa. Hakuna ubaya kuununua ukijua unachonunua, ila usiuhakiki kama mdoli halisi. Njia ya pili ni mitumba. Kwenye marobota ya vitu vya watoto, kama yanayofunguliwa Mlango Mmoja, hujitokeza midoli halisi iliyotupwa na watoto wa Ulaya na Marekani, mara nyingi bila boksi wala silaha zake. Geuza mdoli na utazame nyayo, nyuma ya paja na mgongoni. Mdoli wenye leseni huwa na maandishi madogo yaliyogongwa kwenye plastiki yenyewe, yakitaja mwenye haki, kampuni iliyoutengeneza na mara nyingi mwaka. Maandishi yaliyochapwa kwa wino juu juu, au kutokuwepo kwa maandishi kabisa, ni sababu ya kuurudisha mezani.

Njia ya tatu ni kuagiza kutoka nje, na hii ndiyo inayowaumiza wengi, kwa kuwa wanaangalia bei ya mdoli peke yake. Kabla ya kulipa, andika kwenye daftari bei ya mdoli, usafiri hadi Dar es Salaam, ushuru wa forodha na VAT, malipo ya wakala, na nauli ya mzigo wa basi kutoka Dar hadi Nyegezi au Buzuruga. Jumlisha. Mara nyingi jumla hiyo huwa mbali sana na ile bei iliyokuvutia, na ni bora ulijue hilo ukiwa na fedha yako mfukoni. Ukinunua kwa mtu binafsi, mwombe apige picha mpya ya mdoli ukiwa kando ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo na jina lako, na usitume fedha yote kwa simu kwa mtu ambaye hana mteja wa awali unayeweza kuzungumza naye.

Dalili za feki zinazotambulika hata kwenye picha ni hizi: herufi zilizokosewa kwenye boksi, rangi inayong'aa mno mahali ambapo gemu inaonyesha kitambaa au ngozi, macho yasiyolingana, na bei iliyo chini sana ya ile ya kiwandani. Ukishaushika mkononi, harufu kali ya rangi na viungo vinavyolegea siku ya kwanza huongeza shaka. Usimpe mtoto mdogo mdoli wa aina hiyo, kwa sababu hujui kilichomo ndani ya rangi na plastiki yake.

4. Fungua boksi kwa utaratibu. Piga picha pande zote sita za boksi kabla ya kukata kitu chochote, kwa kuwa picha hizo ndizo ushahidi wako endapo mzigo umefika umeharibika. Kata utepe kwa wembe ukiwa umelaza ubapa wake, usiuchome ndani. Toa sinia la plastiki lote kwa pamoja juu ya taulo, ndipo utoe mdoli, kisha mikono ya akiba, vichwa na silaha, ukivihesabu kwa kulinganisha na picha ya nyuma ya boksi. Mikono ya akiba ya Spider-Man ni midogo kama punje za mahindi na hupotea kirahisi, kwa hiyo funga dirisha na uwaweke mbali watoto wa chini ya miaka mitatu, ambao huweza kuimeza. Usitupe sinia. Mdoli wenye sinia lake husafiri salama ukiuuza au ukihama nyumba.

5. Pasha viungo joto kabla ya kuvikunja. Hapa ndipo midoli mingi huvunjika, na huvunjika dakika ya kwanza. Shika mdoli kwenye mwanga na utazame goti kwa karibu. Pale paja linapokutana na kipande cha kati cha goti unaweza kuona mstari mwembamba wa rangi uliovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine. Rangi hiyo ilikauka kiungo kikiwa kimenyooka, na sasa inashika kama gundi. Ukilazimisha, rangi inaweza kubaki ilivyo na kikakatika kijiti cha plastiki kilicho ndani, ambacho unene wake ni milimita chache tu.

Fanya hivi. Mimina maji ya moto kwenye bakuli na uyaache dakika chache yapoe kidogo, yasiwe yanachemka. Zamisha mguu au mkono unaohusika kwa dakika moja hadi mbili, utoe, uufute. Shika kwa vidole viwili karibu kabisa na kiungo, juu na chini yake, wala si kwenye nyayo au ngumi, kwa sababu ukishika mbali nguvu yako inaongezeka bila wewe kuhisi. Sogeza kidogo mbele na nyuma mpaka usikie rangi imeachia. Ukiona plastiki imeanza kuwa nyeupe kwenye mkunjo, acha mara moja na urudie kupasha, kwa maana weupe huo unaonyesha kwamba plastiki inavutwa kupita uwezo wake. Kiungo kikishaachia, tone dogo la mafuta ya silikoni kwenye ncha ya kijiti cha meno linatosha.

Usizamishe kwenye maji mdoli wenye nguo ya kitambaa, taa za betri au stika za karatasi. Midoli mikubwa ya 1 kwa 6 mara nyingi ni ya aina hiyo. Tumia drai ya nywele kwa moto mdogo, ukiishikilia mbali kwa kiasi cha shubiri moja.

6. Pima mkao kwa kazi ya shujaa huyo. Idadi ya viungo iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi. McFarlane, kwa mfano, hutangaza hadi sehemu 22 zinazosogea, lakini msomaji wako anataka kujua sehemu hizo zinafanya nini. Spider-Man wa gemu huchuchumaa ukingoni mwa majengo, hutambaa ukutani na huning'inia kichwa chini. Basi jaribu mikao hiyo mitatu na uandike kilichozuia: je, ni paja lisilopanda hadi kifuani, ni kiuno kisichoinama, au ni kifundo cha mguu kisichogeuka pembeni ili unyayo ukae wote chini? Batman wa Arkham hujificha juu, huruka chini akiwa amefungua joho na hupigana akiwa amezungukwa. Tazama kama joho la plastiki linamvuta nyuma, na kama mabega yanapanda bila kugongana nalo.

Kisha msimamishe bila kishikizo na umwache usiku na mchana. Joto la mchana hulainisha plastiki kidogo, na mdoli uliosimama imara asubuhi huweza kuwa umelala saa tisa alasiri, hasa kwenye nyumba isiyo na dari.

7. Linganisha na gemu, si na boksi. Picha za boksi mara nyingi ni za mfano uliopakwa rangi kwa uangalifu zaidi kuliko midoli iliyotoka kiwandani. Kipimo chako ni gemu. Ingia kwenye sehemu ya kupigia picha ndani ya gemu, kama ipo, mzungushe shujaa mbele, nyuma na pembeni, kisha weka mdoli kando ya kioo katika mkao uleule.

Uwe makini na toleo. Sura ya Peter Parker katika gemu ya 2018 ilibadilishwa katika toleo lililoboreshwa la PS5 la mwaka 2020, kwa hiyo kichwa kisicho na kinyago kinaweza kuwa sahihi kwa toleo moja na kuonekana kigeni kwa mchezaji wa toleo jingine. Vazi lake lenye buibui mkubwa mweupe kifuani nalo lilirekebishwa kwa ajili ya gemu ya 2023. Ndani ya Arkham Knight yenyewe, Batman huanza na vazi moja kisha hubadili na kuvaa deraya mpya mapema katika mchezo. Injustice 2 ni ngumu zaidi, maana mchezaji hubadilisha vifaa vya shujaa wake apendavyo, na mdoli huonyesha mwonekano mmoja tu kati ya mingi. Taja toleo na vazi unalolinganisha nalo, ndipo utoe hukumu.

Anza na macho, kwa kuwa ndipo jicho la mtazamaji huenda kwanza. Kwenye kinyago cha Spider-Man tazama ukingo mweusi unaozunguka jicho jeupe: je, unene wake ni sawa pande zote, au wino umeingia kwenye weupe upande mmoja na kumfanya aonekane kama anakonyeza? Halafu fuata mistari ya utando kutoka usoni hadi kifuani. Kwenye midoli mingine mistari hiyo imechongwa na kupakwa rangi, kwenye mingine imechongwa tu bila rangi, na kwenye mingine imechapwa juu ya plastiki laini. Kila njia huonekana tofauti ukiwa mbali kwa hatua mbili. Tazama pia viwiko na magoti, maana rangi ya kipande cha kiungo mara nyingi haifanani kabisa na ya paja au mkono, na kwenye matoleo ya zamani ya Hasbro vichwa vya pini huonekana pembeni ya goti, jambo ambalo matoleo ya karibuni yamelipunguza sana.

8. Piga picha zisizodanganya. Picha tatu ni za lazima: mbele, nyuma na pembeni, juu ya manila ya kijivu, rula ikiwa imesimama kando, kamera ikiwa sawa na kifua cha mdoli. Ukishusha kamera hadi miguuni, mdoli utaonekana mrefu na mwenye nguvu kuliko ulivyo. Tumia mwanga wa kivulini, karibu na mlango au dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Jua letu la saa sita huwa karibu utosini, na huutia uso wa shujaa kivuli cheusi chini ya paji.

Baada ya hizo tatu, piga za kupendeza utakavyo. Miamba ya Mwanza ni mandhari ambayo wakusanyaji wa miji mingine hawana, na Batman aliyesimama juu ya jabali la Capri Point jioni, ziwa likiwa nyuma yake, ni picha inayostahili kupigwa. Ila jiwe hilo linakwaruza. Usimburute mdoli juu yake, mnyanyue kila unapobadilisha mkao, na uwe na mtu wa kusimama upande wa upepo. Epuka pia kupiga karibu mno, kwa kuwa punje za jiwe zitaonekana kubwa kama ngumi ya shujaa na ukubwa wake utapotea.

9. Andika uhakiki kwa msomaji asiye na mdoli. Anza na mambo yanayohesabika: jina kamili la mdoli, kampuni, gemu na toleo, urefu kwa sentimita, uzito kwa gramu, vilivyomo ndani ya boksi, jumla uliyolipa hadi ukafika mkononi, na mahali ulipoupata. Kama umepewa bure au umeazimwa, sema hivyo katika aya ya kwanza. Kisha eleza viungo, rangi, kufanana na gemu, na mwisho uimara.

Sentensi kama “mdoli huu ni mkali sana, hutajuta” haimsaidii mtu. Linganisha na hii: “Kiwiko kinakunja mpaka ngumi inagusa bega, lakini kiuno hakiinami mbele vya kutosha, hivyo ukimchuchumaza kichwa kinabaki kikitazama chini.” Aliyesoma ya pili anaweza kuamua mwenyewe, hata kama mapenzi yake si yako. Tenganisha dosari ya mdoli wako na dosari ya midoli yote ya aina hiyo. Doa la rangi kwenye shavu moja linaweza kuwa la kwako pekee, bali goti lililotengenezwa kwa mkunjo mfupi litakuwa fupi kwa kila mnunuzi. Alama kwa kumi siipendi, kwa kuwa wasomaji huruka maelezo na kuifuata namba, lakini ukiitoa, iweke mwisho na useme imepungua wapi.

Rudi kwenye uhakiki huo baada ya miezi mitatu, uongeze aya moja kuhusu viungo vilivyolegea, rangi iliyochubuka na mdoli ulivyostahimili rafuni. Aya hiyo ndiyo inayosomwa zaidi na wanaojua.

10. Weka na uhifadhi kwa hali ya hewa ya ziwani. Maadui ni wanne. Jua hufifisha nyekundu na kuugeuza weupe kuwa wa njano, kwa hiyo rafu isitazamane na dirisha. Unyevu wa masika huleta ukungu kwenye maboksi ya karatasi. Yainue kutoka sakafuni na yasiguse ukuta wa nje. Vumbi la kiangazi hujaa kwenye mistari ya utando, nalo huondolewa kwa brashi kavu kila wiki, si kwa kitambaa cha maji. Wa nne ni wadudu wadogo wa ziwani, ambao wakitoka kwa makundi hufuata taa usiku na kufia kwenye rafu. Kabati la kioo huwazuia, na asiye nalo azime taa ya chumba hicho mapema.

Midoli usiyoionyesha iweke kwenye boksi la plastiki pamoja na silika, kila mmoja ukiwa umefungwa kwa karatasi nyeupe isiyo na wino. Usiifungie kwa muda mrefu kwenye mifuko laini ya plastiki, na usiache midoli miwili ikigusana, kwa kuwa kemikali zinazolainisha plastiki huweza kuhama na rangi zikagandana.

Mambo yakikwama

*Mdoli unanata mkononi.* Kemikali za kulainisha zimetokea juu ya plastiki. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kausha kivulini, kisha uuache mahali penye hewa kwa siku kadhaa. Hali ikijirudia, rudia kuosha. Usitumie asetoni wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, maana itaondoa rangi na kuyeyusha plastiki.

*Upanga au mguu umepinda.* Zamisha kwenye maji ya moto, unyooshe, kisha uutie mara moja kwenye bakuli la maji ya baridi ukiwa umeushikilia, mpaka ushike umbo.

*Kiungo kimelegea.* Kama kiungo kinachomoka, kichomoe, paka tabaka jembamba la gundi nyeupe ya mbao kwenye mpira wake (kile kichwa cha mviringo), uache ukauke kabisa kwa siku nzima, ndipo urudishe. Gundi kali ya kukausha haraka ni hatari hapa, kwani ikiingia ndani kiungo hakitasogea tena.

*Kijiti kimekatika ndani ya kiungo.* Gundi peke yake haitahimili uzito. Kinachodumu ni kutoboa tundu dogo pande zote mbili na kupitisha kipande cha waya wa chuma. Fundi sonara ana keekee ndogo ya kutosha, na kazi hiyo huichukua kwa dakika chache ukimwonyesha mahali hasa.

*Boksi limeota ukungu.* Toa mdoli, ufute boksi kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, uliache penye upepo kivulini. Lisirudi kwenye rafu ya mengine mpaka likauke kabisa.

*Nyeupe imekuwa ya njano.* Kwa mdoli uliopakwa rangi hakuna dawa salama ya nyumbani. Uhamishe mbali na mwanga ili usiendelee, na ukiuuza utaje jambo hilo waziwazi.

*Msomaji anasema mdoli wake ni tofauti na ulivyoandika.* Mwombe picha tatu za mbele, nyuma na pembeni, pamoja na picha ya maandishi yaliyogongwa kwenye plastiki. Kama maandishi hayapo au hayafanani na yako, huenda alichonacho ni feki. Kama yanafanana lakini rangi au viungo vinatofautiana, huenda mdoli wake umetoka katika kundi jingine la uzalishaji, na tofauti hiyo iongeze kwenye uhakiki wako pamoja na tarehe uliyoipokea.